Simu za kura za maoni: maswali yenu

Kapu la wiki hii limejaa maswali ya simu za kura za maoni. Nazungumzia utafiti wa maoni, si kura ya kupitisha katiba wala ile ya mchujo ndani ya chama. Kiswahili kimezipa zote jina moja, tuvumilie.

Sijawahi kumpa mtafiti yeyote namba yangu. Wameitoa wapi?

Huenda hakuna aliyewapa. Mara nyingi kompyuta huchukua tarakimu za mwanzo zinazotumika na mitandao ya simu, kisha hujazia zilizobaki kwa kubahatisha. Nyingi zinazotoka hazina mwenyewe, na saa za mhoji hupotelea humo. Lakini bahati nasibu hiyo ndiyo uhai wa kazi: namba ya waziri na ya mchuuzi zina nafasi sawa ya kupigiwa. Mwenye laini mbili ana nafasi maradufu, ndiyo maana utaulizwa una laini ngapi, ili jibu lako lipunguziwe uzito.

Waliotegemea orodha walikiona. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10 kwa posta, majina mengi likiyachota kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, zikisema Landon atamshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Simu na gari enzi zile vilikuwa vya wenye nacho. Isitoshe, wengi waliotumiwa karatasi hawakujibu, na hilo nitalirudia.

Watu 1,000 wanawezaje kusemea mamilioni?

Wakiteuliwa kwa bahati nasibu, makosa ya sampuli, yaani jibu la hao wachache kupishana na la umma wote, ni kama asilimia 3 juu au chini. Ukitaka kuyapunguza hadi nusu, huongezi watu 1,000 wengine, unahitaji 4,000. Gharama hupanda haraka kuliko faida, basi wengi huishia hapo kwenye 1,000. Kwa hiyo mgombea mwenye 48 dhidi ya mwenye 46 hajaongoza lolote, hata gazeti liandike kwa wino mwekundu. Na wakikuambia "vijana wanasema hivi", uliza vijana wangapi. Wakiwa 100 tu, makosa hukaribia asilimia 10.

Nilimwuliza mhoji maana ya swali, akalirudia neno kwa neno kama kasuku. Hakufundishwa?

Amefundishwa barabara. Swali liko kwenye kioo cha kompyuta mbele yake na haruhusiwi kuliongeza chumvi. Akikufafanulia wewe kwa namna yake, na mwenzake akamfafanulia mwingine kwa namna nyingine, mtakuwa mmejibu maswali mawili tofauti. Ukimwuliza, "Kwani wewe unaonaje?" atakwepa kwa adabu, maana wengi wetu tungemjibu kwa kumfurahisha. Msimamizi naye anaweza kuwa kwenye laini anasikiliza. Hata majina ya wagombea hupanguliwa kila simu, kwa sababu linalosomwa kwanza au mwisho hunasa zaidi sikioni.

Simu ya nyumbani aliipokea mume wangu, lakini wakataka kuongea na mimi. Kwa nini?

Pengine waliuliza ni nani kati yenu siku yake ya kuzaliwa inafuata. Wangehoji kila anayepokea, wangepata watu wa aina moja tu: wale wanaoikimbilia simu.

Nilikata. Si watampigia mwingine?

Watampigia, na hapo ndipo shida ilipo. Wewe unayekata hufanani na yule mwenye nafasi ya kuongea dakika 20. Mtafiti makini hakuachi upesi: asubuhi hukupata, atajaribu jioni, kisha mwisho wa wiki. Anayebadilisha namba kila isipopokewa humaliza kazi mapema, ila atakuwa amehoji wanaoshinda nyumbani. Kituo cha Pew cha Marekani kilikuwa kikipata majibu kwa asilimia 36 ya simu zake mwaka 1997. Kufikia 2018 ilibaki 6.

Baadaye hupima uzito: wanawake wakipungua kwenye sampuli kuliko walivyo katika sensa, jibu la kila mwanamke huongezewa uzito. Inasaidia. Lakini mzani hauwezi kujua waliokata wangesema nini, na mimi ripoti isiyotaja waliokataa ni wangapi huwa naisoma jicho moja.

Nitajuaje si tapeli?

Mtafiti wa kweli hujitambulisha, hakuombi namba ya siri wala pesa, na hakuuzii kitu. Kuna na mwingine wa kumwogopa: anayeuliza, "Ungemchagua fulani ukijua kwamba alikula fedha za umma?" Huyo hatafuti maoni yako, anapanda fitina. Hapo kata, tena bila kuaga.