Sauti Unayoisikia Bado Haijahifadhiwa: Niliyojifunza kwa Akodioni ya Kidijitali

Usiku mmoja nilitumia saa tatu nzima kutengeneza sauti moja. Ilikuwa rejista (sauti unayoichagua kwa kitufe) ya muzeti, ile ambayo ndimi, yaani vile vipande vinavyotoa noti, zinatofautiana kidogo tu hadi sauti inaanza kutetemeka. Napunguza hapa, naongeza pale, navuta mvukuto, nasikiliza, narekebisha tena. Ilipokaa sawasawa nikagusa rejista ya klarineti kwa sekunde mbili, nilinganishe tu. Nikarudi. Muzeti yangu haipo. Niliyoikuta ni ile ya kiwandani, safi na baridi, kana kwamba sijawahi kuigusa.

Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nadhani ni la kila mtu aliyeanzia kwenye akodioni ya ndimi za chuma. Tangu Cyrill Demian aandikishe chombo chake kule Vienna mwaka 1829, mpangilio wa sauti umekuwa ukikaa kwenye chuma chenyewe. Fundi anakwangua ulimi kidogo, sauti inapanda au inashuka, na inabaki hapo miaka. Hakuna anayehitaji kuiambia akodioni ikumbuke. Akodioni za kidijitali, kama zile ambazo kampuni ya Roland ilizileta mwaka 2004 kwa jina la V-Accordion, hazina ndimi; zinaziiga tu. Ukirekebisha sauti hujakwangua chochote. Umebadilisha tarakimu kadhaa, tena kwenye sehemu ambayo mashine inaitumia kama ubao wa chaki.

Huo ubao ndio unaosumbua watu. Unapochagua rejista, mashine inanakili tarakimu kutoka kwenye kumbukumbu na kuziweka ubaoni, kisha unapiga. Unaporekebisha, unarekebisha ubao. Ukichagua rejista nyingine, ubao unafutwa na kuandikwa upya. Ukizima, vivyo hivyo. Na mifano mingi ya siku hizi hujizima yenyewe isipoguswa kwa muda, ili kuokoa umeme. Nimewahi kwenda kupokea simu nikarudi nikakuta skrini nyeusi na kazi ya jioni nzima imekwenda. Siku hiyohiyo nilitafuta kwenye menyu mahali pa kuzima huko kujizima. Kwenye yangu mahali hapo papo. Kama na kwenye yako papo, anza na hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa hiyo siku hizi nahifadhi kwanza, ndipo nasikiliza kwa makini. Nikipata kitu kinachoelekea kuzuri, hata kama hakijakamilika, nakiandika kwenye kumbukumbu. Kisha naendelea kukinyoosha. Kwenye mashine yangu ni kuingia kwenye menyu ya kuandika, kuchagua nafasi na kuthibitisha. Kwenye nyingine ni kushikilia kitufe kwa sekunde chache. Soma kitabu cha mashine yako ukurasa huo mmoja, hata kama kurasa nyingine zote hutazisoma. (Najua hutazisoma. Na mimi sikuzisoma.)

Ila angalia unaandika wapi. Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Baada ya kupoteza muzeti nikawa mtu wa kuhifadhi kila kitu, bila kuangalia namba ya nafasi. Wiki mbili baadaye nikagundua kwamba rejista ya besi niliyoipenda kuliko zote, ambayo sikuwa nimeirekebisha tangu ninunue chombo, nimeandika juu yake majaribio yangu ya filimbi. Mashine huwa inauliza kama una uhakika. Tatizo ni kwamba baada ya kuulizwa mara ishirini kidole kinajibu chenyewe. Sasa nimetenga seti moja nzima kuwa karakana: sauti zake za kiwandani sizitaki, naweza kuziharibu nitakavyo. Kila jaribio linaanzia hapo. Likiiva, ndipo nalihamishia mahali pake pa kudumu.

Kuna jambo la ngazi ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kwenye mashine yangu zipo tatu. Rejista ni sauti moja ya upande mmoja. Seti ni kundi la rejista za kulia, za besi na za kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja). Juu ya hizo ipo programu, ambayo ukibonyeza mara moja inaita kila kitu unachohitaji kwa wimbo mmoja. Mimi nilidhani programu inabeba sauti zenyewe. Kumbe inabeba anwani: seti namba fulani, rejista namba fulani. Nilipopunguza besi kwa ajili ya wimbo mmoja wa polepole na kuihifadhi ndani ya seti, nyimbo nyingine nne zilizokuwa zikitumia anwani ileile nazo zikapungukiwa besi. Niligundua jukwaani, wimbo wa tatu, mpiga gitaa akinitazama kwa jicho la kuuliza. Kama mashine yako ina mfumo wa namna hii, wimbo wenye mahitaji ya pekee upe rejista yake ya pekee. Nafasi zipo nyingi kuliko nyimbo utakazopiga.

Halafu yapo mambo ya mashine nzima, yasiyo ya rejista yoyote. La kuogopa kuliko yote ni toni ya msingi. Bendi nyingi hutumia A ya hezi 440, lakini akodioni nyingi za ndimi hupangwa kwenye 442. Tofauti hiyo ni kama senti 8, na senti 100 ndizo zinazofanya nusu toni. Ni kidogo, lakini kwenye noti ndefu ukiwa na mpiga filimbi pembeni, inakera. Niliwahi kupandisha yangu hadi 442 nipige na rafiki mwenye akodioni ya zamani, nikaihifadhi, nikasahau. Mazoezi yaliyofuata tulilaumu gitaa kwa nusu saa. Sasa kabla ya kupiga na watu naangalia namba hiyo kwanza, hata kabla ya kufunga mikanda.

Sasa turudi kwenye muzeti, maana hapo ndipo watu wengi hutaka kurekebisha na hapo ndipo hupotea. Ule mtetemo unatokana na ndimi mbili, za chuma au za kuigwa na mashine, zilizopishana kidogo. Kwenye A ya 440, ukizipishanisha kwa senti 10 utasikia mapigo kama mawili na nusu kwa sekunde. Ukizipishanisha kwa senti 20 yanakuwa matano. Lakini senti 20 hizohizo, oktava moja juu, zinatoa mapigo kumi, na oktava moja chini mawili na nusu. Ndiyo maana mafundi wa ndimi hupunguza tofauti kadiri wanavyopanda juu, ili vidole vikikimbilia noti za juu sauti isianze kulia kama nyuki. Wengi wetu tunakaa katikati ya kibodi, tunapata mtetemo mtamu, tunahifadhi, kisha tunashangaa kwa nini wimbo ukipanda unachafuka. Piga kibodi yote, kutoka chini hadi juu, kabla hujaridhika. Kama mashine yako inakuruhusu kuchagua mikunjo ya mtetemo iliyokwisha tengenezwa (mipangilio inayobadilisha tofauti ya senti kutoka chini hadi juu ya kibodi), mara nyingi hiyo ni bora kuliko namba moja uliyoibuni wewe.

Ukitumia ndimi tatu, moja iache katikati, moja ipande, moja ishuke. Usizipandishe zote mbili. Nilifanya hivyo kwa sababu ilisikika angavu zaidi nikiwa peke yangu chumbani. Nilipokaa na wenzangu nikawa juu ya kila mtu. Na usizifanye hizo mbili zilingane kabisa, mfano 15 juu na 15 chini. Mapigo yanaingiliana kwa mpangilio mmoja na sauti inakuwa kama king'ora. Tofauti ya senti moja au mbili kati yao inaleta uhai. Hili ni sikio langu linalosema. Wapo wanaopenda king'ora.

Baada ya mtetemo, mvukuto. Kwenye akodioni ya kidijitali hewa haipiti kwenye ulimi wowote. Kuna kihisio kinachopima msukumo, na mashine inaamua msukumo huo uwe sauti kubwa kiasi gani. Uamuzi huo unaweza kuubadilisha: mwepesi, wa kawaida, mzito, au usiobadilika kabisa, ambapo uvute usivute sauti ni ileile. Mwanzoni nilichagua mwepesi, kwa kuwa mkono ulikuwa hauchoki. Matokeo yake kila noti ikawa kubwa. Nilikuwa nimeondoa nafasi kati ya kunong'ona na kupaza sauti, na hiyo nafasi ndiyo akodioni yenyewe. Nikahamia mzito, bega likauma, lakini watu wakaanza kuniambia kwamba sasa ninapiga. Hatimaye nilitulia kwenye wa kawaida, na nikajifunza kutofautisha vitu viwili vinavyofanana: mkunjo wa kielektroniki, yaani huo uamuzi wa mashine, na ukinzani wa hewa wenyewe, ambao baadhi ya mifano inakuruhusu kuurekebisha kwa kufungua au kubana tundu la hewa. Kama mvukuto unakimbia mkononi, tatizo ni tundu, si mkunjo. Na huo wa tundu ni wa mkono. Hakuna kitufe cha kuuhifadhi; ukitoka nyumbani ukarudi, uangalie.

Usirekebishe mvukuto ukiwa umevaa hedifoni. Hedifoni zinadanganya: sauti ndogo inasikika kubwa, kwa hiyo unaridhika na msukumo mdogo. Keti au simama kama utakavyofanya siku ya kupiga, weka spika, pandisha sauti hadi kiwango halisi.

Mwangwi nautaja kwa kifupi. Upunguze. Ukumbi una wake, na ukiongeza wako juu yake noti zinageuka uji. Mwangwi mtamu wa chumbani ndio wa kwanza kuharibu onyesho.

Besi nayo inahitaji jaribio la ukumbini. Spika ndogo za ndani ya chombo hazina uwezo wa kutoa besi ya chini, hivyo nyumbani unaipandisha, unaihifadhi hivyo, kisha ukichomeka kwenye spika kubwa inafunika kila kitu. Mimi nina nakala mbili za kila seti ninayoitumia sana, moja ya nyumbani na moja ya jukwaani yenye besi iliyoshushwa. Kama mashine inaweza kutoa upande wa kulia kwenye waya mmoja na besi kwenye mwingine, iombe ifanye hivyo na umwachie fundi mitambo kazi ya kuzisawazisha.

Kwa wanaounganisha na kompyuta au kinanda kingine kwa MIDI, jihadharini na namba. MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki kupelekeana maagizo, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1983, ina programu 128 (hapa maana yake sauti za kuchagua), lakini vifaa vingine huzihesabu kuanzia 0 hadi 127 na vingine kuanzia 1 hadi 128. Ukiandika 22 upande mmoja, upande wa pili unaweza kuitika 23. Pia kila ukibonyeza rejista, akodioni inaweza kupeleka agizo la kubadilisha programu kwa kifaa cha jirani. Niligeuza piano ya mwenzangu kuwa tarumbeta katikati ya wimbo. Alicheka, siku hiyo. Kama huhitaji agizo hilo, lizime na uhifadhi.

Kuhusu flashi. Ifomati ndani ya akodioni yenyewe, si kwenye kompyuta, na iwe flashi ya kazi hiyo tu. Hifadhi kila kitu kabla ya kusasisha programu ya ndani ya mashine, na kabla ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, kwa kuwa kurudisha huko hakukuachii chochote. Kumbuka pia kwamba kupakia ni kuandika juu: ukipokea seti nzuri kutoka kwa rafiki na kuipakia mahali penye seti yako, yako imeondoka. Kisha ijaribu nakala yako. Pakia seti moja kutoka kwenye flashi hadi kwenye karakana, uipige. Niliwahi kubeba flashi kwa miezi nikiamini ina kila kitu, kumbe nilichokuwa nimehifadhi ni rejista moja.

Pamoja na flashi nina daftari la karatasi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Jina la seti, namba ya nafasi, senti za kila ulimi, mkunjo wa mvukuto, kiwango cha besi, tarehe. Majina kwenye skrini ni mafupi mno kuniambia lolote; "MUZ3" leo ina maana, baada ya miezi sita haina. Daftari limeniokoa siku flashi ilipokataa kusomeka, na kazi ya kuandika tarakimu upya haikufika dakika ishirini.

Muzeti ya usiku ule wa kwanza sikuwahi kuipata tena. Niliyonayo sasa ni senti 14 juu na 12 chini, ipo ukurasa wa tatu wa daftari na kwenye flashi mbili. Ni nzuri. Bado kuna siku naingia karakana na kuitafuta ile nyingine, nikihifadhi kila baada ya dakika tano.