Jibu: Wahusika wangu wote wanaongea sawa

Dada, umeuliza ufanyeje ili wahusika wa hadithi yako wasiongee wote kwa sauti moja. Kaa jioni pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, usikilize tu. Fundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni hasemi kama mwalimu aliyetoka bara; atakutajia bei ya mbao, kumbe anataka kusema kazi imemchosha. Bibi mzee mwache na Kiamu chake, lahaja ya Lamu, tafadhali usimsafishie lugha! Kisha yasome mazungumzo kwa sauti. Ulimi ukikwama, futa. Maamkizi marefu mimi huyakata, isipokuwa yakibeba ugomvi. Kuhusu muda, andika kidogo baada ya alfajiri kabla hujawasha simu, na uache sentensi katikati ili kesho ujue pa kuanzia.