Jibu: Maofisa wanafunzi walilala wapi kwenye HMS Victory?
Ndugu yangu, umeuliza kama maofisa wanafunzi wa HMS Victory, meli ya kivita ya zamani ya Uingereza, walikuwa na vyumba vyao. Hawakuwa navyo. Walilala kwenye sitaha (sakafu ya meli) iliyo chini ya sitaha zote za mizinga, chini ya usawa wa maji, pasipo dirisha. Mchana na usiku mwanga ni wa mishumaa na taa tu. Kitanda kilikuwa turubai lililoning'inizwa darini, na mali yote ya kijana ilikaa kwenye sanduku lake. Enzi hizo wengine walianza kazi wakiwa na miaka 12 au 13, na hilo ndilo linaloniuma. Vita vikianza, daktari aliwapasulia majeruhi hukohuko. Admirali Nelson mwenyewe, kamanda wa kikosi cha meli za Uingereza, alifia kwenye sitaha hiyo katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805. Meli ipo Portsmouth, Uingereza, hadi leo.