Seva za gemu nazifunga, bakapu zipo: niache tu kulipa?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni kijana wa Uyole, Mbeya. Kwa miaka kadhaa nimekodi seva Ujerumani, nimeweka Pterodactyl, paneli ya kuendeshea seva za gemu, na nawapangishia wenzangu wanaocheza Minecraft, gemu la kujenga dunia kwa bloku. Wengine wako hapa mjini, wengine Iringa na Makambako. Wananilipa kidogo kidogo kwa simu. Sasa nimepata ajira, muda sina, na kodi ya seva kwa euro imenishinda. Nataka kufunga mwisho wa mwezi ujao. Rafiki yangu fundi kompyuta anasema niache tu kulipa, seva itajifunga yenyewe, na nisiwe na wasiwasi kwa sababu bakapu (nakala za akiba) zinajipiga kila usiku. Anasema pia nikimpa nywila ataiformat kwa mbali ili data za wachezaji zisibaki. Je, yuko sahihi? Na mchezaji akija kunidai dunia yake baada ya miezi sita, nitaipata?

JIBU: Hayuko sahihi, na nywila usimpe.

Kuwatangazia wachezaji mapema na kumrudishia chenji aliyelipa mbele sikufundishi, ulivyouliza inaonyesha unayajua. Tukae kwenye hilo la bakapu, maana ndilo ninaloletewa kila mara, na nikilisikia huwa nauliza swali moja tu: ziko wapi? Mtu ananijibu “ziko kwenye paneli”. Paneli ni ukurasa wa kubonyeza vitufe. Faili lenyewe limelala kwenye diski ipi?

Kwa Pterodactyl, kama hukubadilisha mpangilio, bakapu hukaa kwenye /var/lib/pterodactyl/backups, na dunia za wachezaji ziko /var/lib/pterodactyl/volumes. Mashine ni ileile. Hiyo ni kuhifadhi mbegu ya msimu ujao ndani ya kihenge kilekile unachohofia kitaungua. Na zile picha za mashine nzima (snapshot, yaani nakala ya diski yote) ambazo kampuni ya kukodisha inakupigia, nazo zimefungwa kwenye akaunti yako. Ukiacha kulipa, kwa kawaida kwanza wanaizima seva, halafu siku za mkataba zikipita wanaifuta na diski inakwenda kwa mpangaji mwingine. Akaunti ikifa, picha zake zinakufa nayo. Siku ni ngapi, soma mkataba wako leo, usisubiri barua pepe ya onyo, ambayo mara nyingi inaangukia kwenye takataka.

Kwa hiyo kama mpango ni huo wa rafiki yako, huyo mchezaji wa miezi sita baadaye hutampa kitu.

Sasa tuseme umekubali kuzishusha hizo dunia kwenye kompyuta yako. Hapo ndipo linakuja kosa la pili, la kunakili folda wakati gemu linachezwa. Minecraft hugawa dunia kwenye mafaili ya mca, na kila faili moja limebeba eneo la bloku 512 kwa 512, yaani chanki 1,024 (chanki ni kipande cha bloku 16 kwa 16). Wachezaji wakiwa ndani, seva inaandika humo muda wote, na sehemu nyingine bado iko kwenye kumbukumbu, haijafika kwenye diski. Ukinakili katikati ya hapo unaweza kupata faili ambalo nusu ni la saa hizi na nusu ni la dakika tano zilizopita. Hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Utakuja kuona siku dunia inafunguliwa: nyumba ya mtu aliyoijenga kwa miezi imekatwa mraba wa bloku 16 kwa 16, mipaka imenyooka kama imepimwa kwa rula, na ndani ya mraba huo kuna msitu mbichi ambao haujawahi kukanyagwa. Chanki ilishindwa kusomeka, gemu likatengeneza mpya.

Dawa yake ni rahisi kwako kwa sababu unafunga. Izime seva ya gemu kwa amri ya stop, ngoja imalize kuhifadhi, ndipo unakili. Ukitaka kuanza leo wakati watu bado wanacheza, toa amri ya save-off (sitisha kuhifadhi), kisha save-all flush (andika vyote kwenye diski), nakili, halafu save-on (rudisha kuhifadhi). Usisahau hiyo ya mwisho, la sivyo watacheza usiku kucha na hakuna kinachohifadhiwa.

Angalia pia unanakili nini. Ukiwa unatumia programu ya seva ya Spigot au Paper, mara nyingi Nether na End, zile dunia mbili za ziada za gemu, zinakaa kwenye folda zake za pembeni, world_nether na world_the_end. Anayebeba folda ya world peke yake ameacha theluthi mbili za ulimwengu nyuma. Na mizigo ya wachezaji, yaani panga, almasi na kila walichobeba, iko kwenye playerdata, faili moja kwa kila mtu, jina lake ni namba ndefu ya utambulisho. Hapa wengi wanaumia. Seva yenye mpangilio wa online-mode=true, yaani inayokagua akaunti, inapata namba hiyo kutoka kwenye akaunti halali ya mchezaji. Ikiwa false, seva inaikokotoa yenyewe kutokana na jina alilojiandikia. Sasa, Mbeya ninayoijua ina vijana wengi wasio na akaunti iliyolipiwa, kwa hiyo nadhani seva zako nyingi ni false. Mtu akija kuifungua dunia hiyo kwenye seva iliyowekwa true, ataingia mikono mitupu na kudai umemwibia. Hukumwibia, faili lake lipo palepale, ila namba hazifanani.

Basi pamoja na kila dunia weka faili dogo la maandishi: toleo la gemu, aina ya seva, online-mode ilikuwaje, na orodha ya plagini (programu ndogo za nyongeza). Weka na lile faili la jar, yaani programu ya seva yenyewe. Dunia ikishafunguliwa na toleo jipya hairudi toleo la zamani bila madhara; toleo la 1.18 la mwaka 2021, kwa mfano, lilibadilisha kimo cha dunia kutoka bloku 256 hadi 384. Na Java, programu inayoiendesha seva, nayo ina mambo yake, kuanzia 1.20.5 seva inataka walau Java 21.

Kuhusu kushusha, piga hesabu kabla. Gigabaiti 40 kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 18, na hiyo ni kama umeme haukukatika na bando halikuisha. Tumia rsync, programu ya kunakili mafaili kwa mtandao, yenye --partial, ikikatika ukiirudia inaendelea ilipoishia. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilihangaika na intaneti. Aliyekuwa amepanga kushusha vitu vyake Ulaya usiku wa mwisho wa mkataba, nadhani unaelewa hali yake. Ukimaliza, piga sha256sum (amri inayotoa alama ya kipekee ya faili) pande zote mbili ulinganishe, kisha washa dunia hiyo kwenye laptopu yako, ingia, tembea, fungua makasha, pita kwenye lango la Nether. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu. Halafu mpe kila mwenye dunia faili lake, mwambie unaitunza hadi tarehe fulani, baada ya hapo ni juu yake.

Turudi kwa fundi wako. Kuna kizazi cha mafundi ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Simu nzito, piga. Printa haichapi, piga. Sasa wamehamia kwenye seva za watu. Kama seva yako ni kipande cha mashine kubwa, ukiiformat kutoka ndani hujagusa zile picha zilizoko kwa kampuni, nazo zina kila kitu ulichotaka kifutike. Hata kuandika sufuri juu ya faili moja moja kwenye SSD si uhakika, kwa sababu diski hizo huandika kipya sehemu nyingine na kuacha cha zamani kwa muda. Utaratibu ni huu: ukishapata nakala zako na kuzijaribu, unafuta picha na bakapu zilizoko kwa kampuni, unafuta hifadhidata, unaifuta seva yenyewe kwenye akaunti, mwisho kabisa ndiyo unafunga akaunti. Kama umekodi mashine nzima, waulize wenyewe jinsi ya kusafisha diski kabla hujairudisha. Kumbukumbu za malipo zitenge, usizifute na vingine.

Kwa nini nakazania? Seva za false kwa kawaida zina plagini ya kuingia kwa nywila kama AuthMe, na humo kuna nywila za wachezaji, zimefichwa ndiyo, pamoja na anwani zao za IP. Kijana wa kidato cha tatu ana nywila moja ya gemu, barua pepe na kila kitu. Taarifa za watu nchini zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na aliyezikusanya ni wewe, siyo fundi.

Jambo moja zaidi ambalo rafiki yako hakulitaja: jina la seva. Ukiachia seva, anwani yake ya IP atapewa mpangaji mwingine. Kama domeini yako bado inaelekeza pale, wachezaji wenye jina lako kwenye orodha zao wataendelea kubisha hodi kwa mgeni. Mgeni akiwa mjanja ataweka seva ya gemu kwenye mlango 25565, ule wa kawaida wa Minecraft, na mtu ataandika /login na nywila yake kama kawaida. Ondoa kwanza rekodi ya DNS, ile inayoelekeza jina lako kwenye IP, ndipo uachie seva. Domeini yenyewe ilipie mwaka mmoja zaidi, asije akaichukua mwingine.

Na ikitokea umefuta kabla ya kunakili, utakutana na wale wa “narudisha data zote, tanguliza nusu”. Diski ya laptopu inayofunguliwa mezani pale Mwanjelwa inaweza ikaokolewa, inategemea. Diski iliyoko Ujerumani, ambayo ameshapewa mpangaji mwingine, huyo fundi ataigusa kwa mkono upi?

Haya siyasemi kwa watu wa gemu tu. Kuna shule huku Nyanda za Juu Kusini zenye matokeo ya wanafunzi kwenye mfumo ulioko kwenye seva ya kukodi, maduka ya jumla, vyama vya kuweka na kukopa. Akaunti imeandikishwa kwa barua pepe ya kijana aliyeutengeneza, kijana kahamia Dodoma, kadi yake ikigoma kulipa hakuna hata mmoja ofisini anayepata taarifa. Ukimuuliza mkuu, anasema data ziko salama, ziko kwenye wingu. Mwenye majibu hayo aombe kuonyeshwa faili lenyewe wiki hii, lifunguliwe mbele yake, kwenye kompyuta isiyo na intaneti.