Swali la lugha: Kinga ya panya "imeathirika" vipi?

Msomaji wa Morogoro anayetafsiri muhtasari wa utafiti wa sumu ameniletea sentensi mbili. Ya kwake: "Vichafuzi vya mazingira vinashusha kinga ya panya wa maabara." Ya mhariri wake, baada ya kalamu kupita: "Vichafuzi vya mazingira vinaathiri kinga ya panya wa maabara." Anauliza nani kapatia.

Mhariri alikuwa na haki ya kukata, maana si kila kichafuzi kinashusha kinga. Lakini alichokiweka badala yake ndicho kitenzi ninachogombana nacho kila siku. "Kuathiri" kimekuwa kitenzi cha mtu asiyetaka kusema kilichotokea.

Neno lenyewe halina kosa. Athari ni la Kiarabu, athar, alama au unyayo unaobaki kitu kikishapita. Msasi akiuona unyayo anajua ni mnyama gani, ameelekea wapi na kama anachechemea. Sisi tunatangaza kwamba unyayo upo, kisha tunakwenda zetu.

Masika moja nilisafiri baada ya kusikia redioni kwamba barabara "imeathirika na mvua". Nikajua ni matope, tutashuka tusukume gari. Tulipofika mtoni, daraja halikuwepo. Vyuma vya ukingo upande wetu vilikuwa vimekunjwa vikaelekea majini, na ng'ambo alisimama mama na tenga lake la nyanya, anatutazama tunavyomtazama. Tulilala garini. Daraja limesombwa: maneno mawili tu, na abiria wote wangebaki makwao. Mtangazaji alikuwa na habari hiyo, akaifunika kwa "imeathirika". Tangu siku ile kila nikilisikia neno hili nauliza: limefanywa nini? Bei ya mahindi imeathirika: mkulima auze leo au asubiri? Figo za mgonjwa zimeathirika: zimevimba, zimeziba, au zimekoma kuchuja?

Sasa tuwarudie panya. Dioksini iitwayo TCDD (dioksini hutoka, pamoja na kwingineko, katika moshi wa plastiki za PVC zinazochomwa na takataka) husinyaza thimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T, askari wa kinga ya mwili, hukomaa. PFOS, iliyotumika miaka mingi katika povu la kuzimia moto, hupimwa kwa njia nyingine. Panya hulishwa kemikali hiyo, kisha hudungwa seli nyekundu za damu ya kondoo, ambazo mwili wake unapaswa kuzipinga kama mvamizi. Aliyelishwa PFOS hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupigana na wavamizi, chache kuliko mwenzake ambaye hakulishwa.

Halafu kuna zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua vizuri kwa kunasia dhahabu. Chumvi ya zebaki ikipewa panya wa ukoo wa A.SW, haishushi kinga hata kidogo. Inaichochea, mpaka mwili unatengeneza kingamwili za kushambulia viini vya seli zake wenyewe, na nyingine hutuama kwenye figo. Panya wa ukoo wa DBA/2 wakipewa zebaki hiyohiyo hawapatwi na hayo.

Hapo kuna tezi iliyosinyaa, kingamwili zilizopungua, kinga iliyochochewa ikamgeukia mwenyewe, na panya asiyepatwa na ugonjwa huo. Andika "vinaathiri", na hao wanne wote wamepotea. Kazi ya miaka ya watu waliokaa maabara wakipima tezi kwa mizani imerudishwa kuwa "kuna kitu kimetokea".

Na hili si suala la madoido. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha jumla ya kemikali nne za jamii ya PFOS: nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Kigezo kilichobeba uamuzi huo ni kupungua kwa kingamwili baada ya chanjo kwa watoto. Kupungua kunapimika, kwa hiyo kunaweza kuwekewa kikomo. "Kuathirika" utakuwekea kikomo gani?

Wapo pia wanaofanya athari na madhara kuwa neno moja. Madhara yana mzizi wake, dhuru. Thimasi iliyosinyaa ni athari hata kabla panya hajaugua. Akishindwa na maradhi ambayo mwenzake ameyamudu, hayo sasa ni madhara.

Basi, ndugu msomaji, rudi kwenye utafiti unaoutafsiri, utazame kila kemikali imefanya nini, kisha uandike hivyo: dioksini imesinyaza thimasi, PFOS imepunguza kingamwili, zebaki imechochea kinga. Kichwa cha habari kinaweza kubaki "Athari za vichafuzi kwa kinga ya panya", hapo neno limekaa mahali pake, maana maelezo yanafuata. Na mhariri akirudi na kalamu yake kwenye "imechochea", mwonyeshe panya wa A.SW.