Ukienda mji wa viwanda vya Wasovieti, tafuta mwenyeji wa mji huohuo

Chiatura, mji mdogo wa machimbo huko Jojia, nimeenda mara mbili, ya kwanza nilipoteza hela na ya pili ndo nilifika. Naandika hii kwa sababu wabongo wengi tulio huku Dubai sikukuu zikifika tunakimbilia Jojia (ile nchi, siyo jimbo la Marekani), ndege ni masaa matatu na kitu, na ukiwa na ukaazi wa nchi za Ghuba viza haisumbui, ila cheki mwenyewe kabla ya kukata tiketi maana sheria za watu hubadilika. Wengi tunaishia Tbilisi, mji mkuu, na kwenye theluji, tunapiga picha, tunarudi. Mimi napenda miji iliyochoka. Nimekulia Morogoro, mji uliojengewa viwanda kibao enzi za Mwalimu, viatu, ngozi, turubai, halafu vikafa kimoja kimoja sisi tukiwa watoto tunacheza mpira nje ya mageti yake. Kwa hiyo niliposikia kuna mji Jojia uliojengwa kwa ajili ya machimbo, wafanyakazi wanapelekwa kazini kwa vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, nikasema huko naenda.

Mara ya kwanza nililipia safari ya kundi kutoka Tbilisi, basi dogo, watu kumi na wawili, mwongozaji kijana wa mjini na kiingereza chake safi. Njiani katutajia mara saba kwamba tunaenda "mji wa mizimu". Tumefika, mji wa mizimu una foleni ya watu wanunua mkate. Yaani kina mama wanapita na mifuko ya nyanya na yeye bado anasema mji umekufa. Tukaoneshwa kituo kimoja cha kebo, yaani vile vibehewa vya kwenye waya, kilichofungwa, dakika arobaini, haya panda basi. Mi nikapiga picha ghorofa moja kuukuu lenye nguo zimeanikwa kwenye roshani, nikaona bibi mmoja ananitazama pale juu, hakusema kitu, kaingia ndani na kuvuta pazia. Lile pazia liliniuma mpaka Tbilisi.

Mara ya pili nikaenda mwenyewe kwa marshrutka, hizi ndo hiace zao, zinaondoka zikijaa kama zetu tu, kutoka Kutaisi, mji mwingine wa Jojia, ni kama kilomita sabini za kona. Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia Kutaisi ndo aliniunganisha na mama mmoja wa Chiatura, mwalimu wa kiingereza shuleni, baba yake alikuwa mchimbaji na mama yake alikuwa akiendesha kebo. Jina lake silitaji. Nilikuwa namwita kalbatono, ni heshima kama sisi tunavyosema bi mkubwa, na yeye kufika saa nne asubuhi ashaanza kuniita shvilo, mwanangu. Kichekesho ni kwamba kwa Kijojia "mama" ni baba, na mama ni "deda", na tena mama anaweza kumwita mtoto wake deda, kama vile sisi tunavyomwita mtoto wa kike mama na wa kiume baba. Nilipomwambia hilo alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo hatukuwa tena mtalii na mwongozaji.

Sasa ushauri wenyewe. Kwanza, usichukue mtu anayejua historia ya mji, chukua mtu ambaye familia yake ililipwa mshahara na ule mji. Historia utaisoma kwenye simu: manganizi, madini yanayochimbwa pale, iligunduliwa kuwa na faida mwaka 1879 na mshairi mkubwa wa Jojia, Akaki Tsereteli, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu kubwa ya manganizi ya dunia ikawa inatoka kwenye hili korongo dogo la mto Kvirila, 1905 Stalin, yule aliyekuja kuwa mtawala wa Usovieti, akiwa kijana alikuwa hapa anawachochea wachimbaji, na hata Wasovieti wenyewe walimkodisha machimbo tajiri wa Kimarekani, Harriman, mwaka 1925, akasalimu amri baada ya miaka michache. Manganizi inawekwa kwenye chuma kiwe kigumu, bila hiyo hakuna reli wala kifaru cha vita. Vizuri. Lakini simu haikwambii mama yake kalbatono alikuwa akibeba nini kwenda kazini.

Huyu aliniambia. Alikuwa anabeba vitu vya kufuma. Kazi ya kebo ilikuwa hivi: mji uko chini kwenye korongo, machimbo yako juu kwenye majabali pande zote, kupanda kwa mguu ni kumaliza nguvu kabla hujashika sururu, ndo mwaka 1954 wakaanza kufunga nyaya za abiria. Vibehewa viwili kwenye waya mmoja, kimoja kikishuka kinasaidia kukivuta kingine juu, kama ndoo mbili kisimani. Na anayesimamia mara nyingi ni mwanamke, ana simu ya kuongea na mwenzake wa kituo cha juu, anasubiri watu, anafuma soksi, simu ikilia anaweka sindano chini na kuwasha mota. Kalbatono alikua kwenye hicho chumba, homework zake kafanyia hapo. Tulisimama nje ya kituo cha zamani, kioo kimevunjika, akanionesha kwa kidole msumari ukutani, "pale alikuwa anatundika koti". Msumari tu. Yule kijana wa Tbilisi angenioneshaje msumari?

Kebo za zamani hazibebi tena abiria, mwaka 2021 zilifunguliwa mpya zilizotengenezwa na Wafaransa, safi, zina milango inayofunga kweli. Panda. Watalii wengine wanalalamika eti zimeharibu mvuto. Mvuto gani, watu wa pale walikuwa wanapanda kikopo cha kutu kila siku na watoto, wewe unakuja siku moja unataka wabaki nacho upate picha?

Pili, maswali. Usianze na "Usovieti ulikuwa mzuri au mbaya", hilo swali linamfanya mtu akupe hotuba. Mimi niliuliza mshahara ulikuwa unatoka tarehe ngapi na likizo walikuwa wanaenda wapi, basi, mlango ukafunguka: Bahari Nyeusi kwa tiketi za chama cha wafanyakazi, machungwa ya mwaka mpya, halafu miaka ya tisini umeme hakuna, gesi hakuna, watu wanaweka majiko ya kuni kwenye gorofa ya sita na kutoboa dirisha bomba lipite. Ukitazama vizuri yale maghorofa hadi leo kuna matundu ya hayo mabomba yamezibwa. Kwa Stalin ndo kabisa, usimguse mpaka mwenyeji amguse, kwao siyo stori ya kuchekea. Bibi yake kalbatono alitundika picha ya Stalin sebuleni hadi anakufa na kaka wa huyohuyo bibi alichukuliwa 1937, Stalin alipokuwa anakamata watu, hakurudi. Aliongea hivyo huku anamenya yai, na mimi nikanyamaza maana hata ningesema nini.

Tatu, akikataa, kubali. Nilikuwa nimesoma habari za Shukruti, kijiji cha hapo juu ambako nyumba zinapasuka na kudidimia sababu ya uchimbaji wa chini yake, watu wameandamana miaka, wengine walifikia kushona midomo yao kwa uzi. Nikaomba anipeleke. Akafikiri, akasema leo hapana, kule wamechoka kutazamwa. Kiukweli nilinuna kidogo, nimetoka mbali. Halafu nikalikumbuka lile pazia.

Badala yake akanipeleka kula kwa dada yake. Hapa wabongo mtafurahi: maharage kwenye chungu, yanaitwa lobio, na mchadi, mkate mnene wa unga wa mahindi unaomega kwa mkono. Nilikula kama niko nyumbani. Jibini lao ni chumvi tupu lakini linaenda. Watakumiminia chacha, pombe kali ya zabibu, saa sita mchana bila aibu, mi situmii nikaweka mkono kifuani na kusema madloba, asante, hawakulazimisha, wakaniwekea juisi na bado nikatakiwa kunyanyua glasi kwa kila dua waliyotoa, na dua zao ni ndefu.

La ngozi pia niseme maana mtajiuliza. Mji ni mdogo, sensa ya 2014 ilikuta watu kama 12,800, na mwisho wa Usovieti walikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, mtu mweusi anapita wanageuka wote. Mara ya kwanza kwenye lile kundi nilijiona kioja. Mara ya pili nikiwa na kalbatono kila hatua kumi anasimamishwa, "huyu nani", anajibu, naona tu nyuso zinalegea, mzee mmoja akaniletea tufaha. Watoto wanataka selfi, piga nao.

Hela: uliza bei mapema, lipa taslimu kwa lari, hela ya kwao, na mlipe kwa siku nzima siyo kwa saa, maana ukimlipa kwa saa na wewe utaanza kutazama saa. Nguzo ya Katskhi ipo jirani, jiwe limesimama mita kama arobaini na kikanisa juu yake, mtawa mmoja aliishi huko juu karibu miaka ishirini. Nenda, ni nzuri, utaitazama kwa chini maana kupanda hawaruhusu. Dakika ishirini zinatosha. Na vaa viatu vya kuchafuka, vumbi la pale ni jeusi.

Wakati wa kuagana kalbatono alitoa jiwe kwenye pochi, manganizi, dogo kama limao ila zito balaa, linapaka masizi vidoleni. Alisema baba yake alilileta siku yake ya mwisho ya kazi, wanayo kumi nyumbani. Uwanja wa ndege Tbilisi mashine ikalia, askari akatoa begi, akashika lile jiwe, akatazama vidole vyake vyeusi, akanitazama mimi. "Chiatura?" Nikamwambia ndio. Akajifuta kwenye suruali, akalirudisha ndani ya soksi nilikolifunga, akanifungia na zipu.