Anza na m, Usianze na A: Ushauri kwa Anayetaka Kuchora Fonti ya Pikseli

Wengi wanaojaribu kuchora fonti yao wenyewe huanza na A kubwa, wakaja B, wakaja C, kama alfabeti inavyokwenda. Kwa fonti ya kawaida hilo halina neno. Kwa fonti ya pikseli, inayojengwa kwa vinukta vya mraba vya skrini, yenye upana sawa, yaani ile ambayo kila herufi hupewa kisanduku cha upana ule ule, iwe i au iwe m, mpangilio huo utakutia taabuni. A itaingia vizuri, B itaingia, utafika mpaka l ukiwa na furaha, halafu m ikugomee. Hapo una mawili: kuibana m mpaka iwe doa jeusi, au kupanua kisanduku na kurudia herufi zote ulizokwisha kuchora.

Nakushauri uanze na m ndogo, na ya pili iwe w. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu ya ziada. Tazama maneno yetu: mwalimu, mwanamke, mwamvuli, wamwambie, umwagiliaji, mmomonyoko. Ngeli ya kwanza peke yake inatosha kuujaza ukurasa kwa mw na wa. Herufi hizi mbili pana kuliko zote hukaa bega kwa bega katika karibu kila sentensi, na zikishikana msomaji haoni tena nguzo moja (mstari wa wima wa herufi) inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Fonti nyingi nzuri zilizochorwa huko nje zilijaribiwa kwa sentensi za Kiingereza, ambako mw ni jambo la nadra sana. Ndiyo sababu fonti inayosifiwa kila mahali inaweza kukuchosha macho ukiisomea Kiswahili.

Hesabu yake ni rahisi. m ina nguzo tatu na nafasi mbili katikati. Kila kimoja kikipewa pikseli 1, unahitaji pikseli 5. Ongeza 1 ya kuitenga na herufi inayofuata, unapata 6. Huo ndio upana wa chini kabisa kwa m inayosomeka. Kwenye upana wa 5 utalazimika kuidanganya. Ukitaka herufi nzito, zenye nguzo za pikseli 2, m inadai 2+1+2+1+2, jumla 8, bila hata nafasi ya kuitenga. Kwa hiyo kama unawaza fonti nzito ndani ya kisanduku cha 8, amua mapema kwamba nguzo ya katikati ya m na w itabaki nyembamba.

Kwa anayeanza napendekeza kisanduku cha 8 kwa 16. Visanduku vidogo vina raha yake, na vina kazi yake pia. Skrini ndogo za aina ya Nokia 5110 zinazopendwa na watu wa Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki ya kujitengenezea vifaa, zina pikseli 84 kwa 48, sawa na simu ya Nokia 3310 ya mwaka 2000, na ukitumia kisanduku cha 6 kwa 8 unapata herufi 14 kwa mstari na mistari 6. Lakini katika urefu wa 8, mkia wa g, y na p hauna pa kwenda, na Kiswahili kina mikia mingi: nyingi, nyanya, pingu, jogoo. Kwenye 16 una nafasi ya kupumua.

Gawanya hiyo 16 kabla hujachora chochote. Mimi huacha mistari 4 chini kwa ajili ya mikia, na 12 juu ya mstari wa msingi, ule ambao herufi husimama juu yake. Herufi ndogo kama m na a nazipa kimo cha 7, herufi kubwa kimo cha 9, na mistari 3 ya juu kabisa naiacha tupu. Sababu ya kuiacha nitaieleza tukifika kwenye Kikuyu.

Hizi ndizo m na w ninazoanza nazo. Alama # ni pikseli yenye wino, nukta ni tupu:

###.##..
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.

#.....#.
#.....#.
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.
#..#..#.
.##.##..

Angalia safu ya nane: iko tupu katika zote mbili. Hiyo ndiyo inayozuia mw isishikane. Angalia pia kwamba nguzo ya katikati ya w haifiki juu. Uwazi ule wa mistari miwili ndio unaomwezesha msomaji kuitambua w kwa haraka bila kuhesabu nguzo.

Huna haja ya programu yoyote maalumu kuiandika michoro hii. Umbizo la BDF, lililoletwa na kampuni ya Adobe miaka ya 1980, ni faili la maandishi matupu. Kila mstari wa pikseli 8 unakuwa namba ya jozi ya tarakimu 8, wino ni 1 na tupu ni 0, kisha inafupishwa kuwa tarakimu mbili za heksadesimali, mfumo wa tarakimu 16, yaani 0 hadi 9 kisha A hadi F. Mstari wa kwanza wa m ni 11101100, yaani EC. Iliyobaki ni 92 mara sita. w ni 82, 82, 92, 92, 92, 92, 6C. Ukizoea, utaanza kuziona herufi ndani ya namba zenyewe, na utaweza kurekebisha fonti yako kwa kihariri chochote cha maandishi, hata kwenye kompyuta kongwe isiyoweza kufungua programu nzito. Daftari la hesabu lenye miraba nalo linafaa sana. Wakati mwingine nachora kwa penseli kwanza, kwa sababu kufuta kwa raba kunanipa muda wa kufikiri.

Baada ya m na w, chora a. Hakuna herufi inayotokea zaidi ya hii katika Kiswahili, na mara nyingi zinakuja mbili mbili: saa, kaa, taa, wanaandaa. Ipe muda kuliko herufi nyingine yoyote. Una chaguo mbili: a ya duara lenye nguzo moja, kama ya mwandiko wa mkono, au ile yenye kichwa kinachopinda juu ya tumbo. Mimi nasimama na ya pili. Ile ya duara hufanana mno na o na d, na neno kama "ataondoa" linakuwa mfululizo wa viduara. Ile yenye kichwa inahitaji angalau mistari 5: kichwa, uwazi, juu ya tumbo, ndani ya tumbo, chini ya tumbo. Katika kimo cha 7 inakaa kwa starehe.

Zinazofuata zinazaliwa zenyewe. n na h na u zina jamaa na m. Zipe tao lile lile. d, b, p na g zinashiriki tumbo moja. Herufi zenye mshazari ndizo zenye ukaidi, na hapo kuna wa kujifunza kwake. Susan Kare alichora fonti za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, yenye skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Katika fonti yake ya Chicago alijifunga kwenye mistari ya wima, ya mlalo na ya nyuzi 45, basi. Mshazari wa nyuzi 45 unapanda pikseli moja kwa kila pikseli moja unayokwenda pembeni, kwa hiyo hauna ngazi mbaya machoni. Chicago ikadumu kiasi kwamba Apple waliirudisha kwenye skrini ya iPod mwaka 2001. Ukifuata njia hiyo, v yako itasimama wima kwa mistari minne kisha ikutane chini kwa nyuzi 45: 82, 82, 82, 82, 44, 28, 10. Hivyo hivyo kwa k, y na z.

Kwa i na l tatizo ni kinyume cha m: zina pikseli chache, na kisanduku kinabaki na mashimo. Watengenezaji wa taipureta walikutana na hili zamani, kwa sababu mashine husogea hatua ile ile kwa kila herufi, na jibu lao lilikuwa kuipa i kijistari mguuni. Fanya vivyo hivyo. Kisha jaribu kwa "lililolia" na "bidii hii". Ukiona nguzo tupu zimejipanga bila tofauti, ipinde l mkia wake kuelekea kulia.

Sasa ritifaa. Naomba usiipite haraka. Katika msimbo wa programu ritifaa hukaa pembezoni mwa maneno, lakini kwetu hukaa ndani ya neno: ng'ombe, ng'ambo, kung'ang'ania. Katika fonti ya upana sawa kile kijistari kinapewa kisanduku kizima, na ng'ombe anakatika vipande viwili. Ninavyofanya ni kuipa upana wa pikseli 2 na urefu wa 4, kisha naisogeza safu moja kushoto ielekee kwa g. Haiharibu msimbo, na neno linaungana. Na usichore moja tu. Simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka, U+0027 (U+ hutangulia namba ya herufi katika orodha ya Unicode), kuwa ile iliyopinda, U+2019, na nyingine huweka hata U+2018 kwa makosa. Chora zote tatu, la sivyo ng'ombe ataonekana na mraba mtupu shingoni.

Tarakimu zinastahili uangalifu huo huo, maana kuna kazi ambazo kosa la pikseli moja linamgharimu mtu. Tokeni ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20, na mtu anaisoma kwenye karatasi au simu, taa zimezimika, aingize kwenye mita. Namba za miamala ya M-Pesa huchanganya herufi na tarakimu. Kwa hiyo jozi hizi zisifanane hata kidogo: 0 na O, 1 na l na I, 5 na S, 8 na B, 6 na G, 2 na Z. Kuhusu sifuri, watu hubishana kama iwekewe nukta au mkwaju. Katika kisanduku kidogo cha 5 kwa 7 naona mkwaju unashinda, kwa kuwa nukta katikati inaifanya ivutane na 8. Kwenye 8 kwa 16 nukta inatosha na ni safi zaidi. 8 ichore na kiuno kilichobanwa. B iwe na mgongo ulionyooka kabisa na pembe za mraba upande wa kushoto.

Ile mistari mitatu ya juu niliyoiacha tupu ni kwa ajili ya majirani. Kikuyu na Kikamba hutumia ĩ na ũ, na herufi hizo hazimo katika Latin-1, seti ya herufi za lugha za Ulaya Magharibi ambayo fonti nyingi za nyumbani hukomea hapo. Zinakaa U+0129 na U+0169, na wakubwa zao U+0128 na U+0168. Wimbi linahitaji mistari 2 na uwazi wa mstari 1, jumla 3, na kimo cha 9 cha herufi kubwa kinaacha nafasi hiyo hasa. Wimbi langu ni 32 kisha 4C. Kumbuka kuondoa nukta ya i kabla ya kuweka wimbi. Ni herufi nne tu, na zinamwezesha mtu wa Nyeri au Machakos kuandika jina lake sawasawa.

Kuhusu programu sina mengi. FontStruct, iliyofunguliwa mwaka 2008, inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo inamfaa anayetumia kompyuta ya kuazima. FontForge ni ya bure na inafanya kila kitu, ila sura yake inahitaji uvumilivu. Bits'N'Picas hugeuza BDF kuwa TTF, faili la fonti ambalo kompyuta hulisoma kwa kawaida, bila taabu. Ukigeuza, unganisha miraba inayogusana iwe umbo moja, vinginevyo skrini za kisasa zitaonyesha mistari myembamba kati ya pikseli. Hakikisha kila kisanduku, hata cha nafasi tupu, kina upana ule ule, na uweke ile alama ya ndani ya faili inayosema fonti ni ya upana sawa; bila hiyo kuna programu ambazo hazitaiorodhesha. Na uitumie kwa ukubwa wa 16, 32 au 48. Katikati ya hapo itakuwa na ukungu.

Ya kujifunzia zipo. Fungua GNU Unifont, iliyoanzishwa na Roman Czyborra mwaka 1998, uone jinsi herufi za Kilatini zilivyowekwa kwenye 8 kwa 16. Fungua Terminus uone nidhamu ya nguzo. Soma, lakini usinakili pikseli kwa pikseli. Fonti nayo ina mwenyewe.

Kisha ishi na fonti yako. Iweke kwenye kihariri na kwenye dirisha la amri unalolitumia kila siku, usome ndani yake habari ndefu za Kiswahili. Ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa inayotumika kujaribia fonti haikufai, maana inakuonyesha kila herufi bila kukuonyesha zinavyokutana. Andika zako: "Mwambieni mwalimu mkuu amwamuru mwanawe," au "Ng'ombe wang'ang'anizi wa chuo kikuu." Weka pia safu ya bei, 500 juu ya 12,000 juu ya 1,500,000, uone kama tarakimu zimejipanga wima.

Ukiitoa kwa watu, iambatishe na leseni ya SIL Open Font, ambayo inaruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza, ila fonti isiuzwe peke yake. Pamoja na TTF toa na faili la BDF. Hapo mtu wa Kinshasa anayetaka ɛ na ɔ za Kilingala ataongeza mwenyewe kwa kihariri chake, bila kukusubiri.